Muziki Si Dawa ya Usingizi

Wapo wasemao kwamba muziki wa klasiki kazi yake ni kumtuliza mtu aliyechoka. Mimi nakataa. Sikusomea muziki mahali popote. Kidogo nikijuacho nilikipata redioni usiku, pale mtangazaji alipotueleza tunasikiliza nini na kwa nini kilitungwa. Kwa hiyo ninapoona muziki unatengwa na fikra, naona mlango niliopitia mimi ukifungwa mbele ya wengine.

Tazama yaliyotokea Uingereza. Tarehe 29 Septemba 1946, mwaka mmoja tu baada ya vita, BBC ilianzisha idhaa ya jioni iliyoitwa Third Programme. Humo msikilizaji alipata okestra, mihadhara, mashairi na michezo ya kuigiza. Ni humo, mwaka 1949, Fred Hoyle alimoipa nadharia ya chanzo cha ulimwengu jina la "Mlipuko Mkuu", ingawa mwenyewe hakuiamini. Msikilizaji hakuulizwa cheti cha shule. Alihitaji redio na masikio.

Wakubwa wakalalamika kwamba wasikilizaji ni wachache. Mwaka 1957 saa za idhaa zikapunguzwa, japokuwa watu kama T. S. Eliot na Vaughan Williams walipinga. Mrithi wake ni Radio 3. Mwaka 2024 kipindi chake cha mijadala, Free Thinking, kilihamishiwa Radio 4; na Novemba ya mwaka huohuo ikazinduliwa Radio 3 Unwind, idhaa ya muziki wa kupumzisha akili. Fikra zikapelekwa huku, utulivu ukawekwa kule.

Watetezi wa mpango huo husema kwamba anayetaka mjadala anajua pa kuutafuta. Hoja hiyo ni dhaifu. Mtu hawezi kutafuta asichojua kuwa kipo. Faida ya jioni iliyochanganywa ni kwamba aliyefuata muziki hukutana na wazo ambalo hakulitarajia, na aliyefuata wazo akabaki kusikiliza muziki.

Chukua Simfoni ya Saba ya Shostakovich. Tarehe 9 Agosti 1942 ilipigwa Leningrad, mji uliozingirwa, na wanamuziki waliodhoofishwa na njaa. Ikarushwa redioni na kwa vipaza sauti ili mji mzima uisikie, hata adui aliyekuwa nje. Je, wale walipiga ili watu wasinzie? Ukimpa msikilizaji sauti zile bila habari ile, umempa ganda ukabaki na kiini.

Sisemi kwamba ni dhambi kupumzika. Mwenye kutaka usingizi na alale. Lakini redio ya utamaduni inayolipiwa na umma ina deni kubwa kuliko kubembeleza. Wanaotufikiria kuwa tumechoka mno kufikiri hawatuonei huruma, wanatudharau.