Kipimo Kisichosema Kweli

Ewe msomaji, mama akiisha kupita miaka 45, hedhi ikabadilika na hari ikampanda usiku, kila mwenye ulimi humshauri. Huyu asema, "Kapime homoni", yule, "Dawa hizo ni saratani." Wote wawili wampoteza. Homoni za umri huo hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Kipimo cha leo hukanushwa na cha kesho. Na hofu ya saratani ilivuma mwaka 2002, utafiti mmoja wa Marekani uliposimamishwa. Kumbe wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63! Hatari ipo, lakini kwa wengi ni ndogo, nayo hutegemea umri, aina ya dawa na muda wa kuitumia. Basi kwa nini auziwe kipimo kabla hajaulizwa analalaje?