Mafundi wa redio waige wakulima wa majani chai

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hiyo yawafaa sana wanaodhani kwamba uhaba wa rezista, kile kijidude kinachodhibiti kiasi cha umeme unaopita ndani ya redio na amplifaya, ni jambo dogo lisilostahili kujadiliwa hadharani.

Hapa kwetu Kericho na Bomet, amplifaya si pambo la sebuleni. Ndiyo sauti ya kanisa siku ya Jumapili, ya harambee ya karo, ya mazishi na ya mkutano wa wakulima penye kituo cha kununulia majani chai. Vikundi vingi vya akina mama na vijana vimechanga fedha kidogo kidogo vikanunua mitambo ya aina hiyo ili viikodishe. Mtambo unaponyamaza, mapato nayo hunyamaza.

Na sababu za kunyamaza ni nyingi. Nyanda hizi zinajulikana kwa mvua ya mawe na radi, na umeme ukipotea hurudi kwa kishindo. Aghalabu nyaya za spika hugusana katika pilkapilka za kufunga vyombo. Hapo transista kubwa zinazosukuma sauti hufa, na kila moja huelekea kuondoka na rezista iliyo karibu yake, ile yenye umbo la kijisanduku cheupe cha kauri. Kazi ya rezista hiyo ni kugawanya mzigo. Transista moja ikipata joto na kutaka kuvuta umeme kupita wenzake, rezista huirudisha katika mstari.

Miezi michache iliyopita nilifuatana na fundi aliyekuwa akitengeneza amplifaya ya kikundi kimoja. Alihitaji rezista nne za omu 0.22, kila moja ya wati 5. Tulizunguka maduka ya vituo vitatu tusipate hata moja. Tulichoonyeshwa ni zile nyembamba zenye mistari ya rangi, za nusu wati au chini yake, ambazo wauzaji walituhakikishia kuwa "zote ni rezista tu." Mwishowe ilibidi kijana mmoja wa kikundi hicho apande matatu hadi barabara ya Luthuli jijini Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 250 kwenda pekee. Nauli yake ilizidi mara nyingi bei ya bidhaa aliyoifuata.

Fundi asiye na nauli hufanya nini? Wapo wanaotia ile nyembamba, na wapo wanaounganisha kipande cha waya wa shaba mahali pa rezista. Kanuni aliyoieleza James Joule mwaka wa 1841 haimwonei haya yeyote: joto huongezeka kwa kipeo cha pili cha umeme unaopita. Ampea 4 zikipita katika omu 0.22, huzaliwa joto la wati 3.5 hivi. Rezista ya wati 5 itastahimili, lakini ile ya nusu wati imebebeshwa mzigo mara saba ya uwezo wake, nayo itaungua, pengine katikati ya ibada, pengine na kuwasha kilicho karibu. Ama waya mtupu, huo hauzuii chochote. Transista mpya zitafuata zile za zamani kaburini, na spika nazo huenda zikafuata.

Watakuwapo watakaosema kwamba dawa ni kununua amplifaya mpya. Hoja hiyo yapendeza masikioni mwa mwenye duka, lakini mtambo mpya nao una rezista zile zile, na ule wa zamani utatupwa wapi? Sheria ya mwaka wa 2022 kuhusu usimamizi wa taka nchini imewapa watengenezaji na waagizaji wajibu juu ya bidhaa zao zinapogeuka taka. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi mwaka wa 2024, ukapitisha sheria ya kuwadai watengenezaji wa baadhi ya vifaa, zikiwemo mashine za kufulia na simu, watoe vipuri kwa bei ya wastani. Ikiwa matajiri wanahimizwa kutengeneza, sisi tutajivunia kutupa?

Kwa maoni yangu, dawa i papa hapa mashambani mwetu. Mkulima mwenye robo ekari ya chai haendi Mombasa kutafuta gunia moja la mbolea. Kupitia KTDA, mahitaji ya wakulima wadogo hukusanywa pamoja, mbolea huagizwa kwa shehena, na gharama hukatwa katika malipo ya majani yao. Ni nini kinachowazuia mafundi wa Litein, Kapkatet, Sotik na Silibwet kufanya vivyo hivyo? Orodha yenyewe si ndefu. Omu 0.22, 0.33 na 0.47 za wati 5 zatosheleza sehemu kubwa ya amplifaya zinazoletwa mezani kwao. Mafundi ishirini wakichanga, sanduku moja la rezista laweza kuwahudumia kwa miezi mingi.

Vyuo vya ufundi vya kaunti zetu navyo visiishie kufundisha kusoma rangi za omu. Mwanafunzi ahitimu akijua kukadiria wati. Ajue pia kwamba, kipuri kikikosekana, rezista tano za omu 1, kila moja ya wati 1, zikiunganishwa sambamba hutoa omu 0.2 zenye uwezo wa wati 5, mradi ziinuliwe juu ya bodi zipate hewa. Huo ni ufundi halali. Kuweka waya wa shaba ni kumwibia mteja.

Nawasihi mafundi wasingoje serikali iwaletee rezista. Waitane, waandikishe chama na kuchagua mweka hazina mwaminifu. Haba na haba hujaza kibaba, na wakulima wa chai wamekwisha kutuonyesha namna ya kukijaza.