Profesa na Duka la Funyula

Profesa Njuguna Ndung'u alifundisha uchumi Chuo Kikuu cha Nairobi. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoiandika Gothenburg huko Uswidi, ilihusu mfumko wa bei wa Kenya hii hii. Alikuwa Gavana wa Benki Kuu tangu 2007 hadi 2015, na baadaye akarudi kwa watafiti wenzake.

Darasani hesabu ikikosewa hufutwa ubaoni. Januari 2011 riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 5.75, na mwenye duka wa Funyula angekopa bila wasiwasi. Oktoba dola ikafika shilingi 107! Wabadilishaji fedha wa mpakani Busia hawakukosa la kusema. Desemba riba ikapandishwa hadi asilimia 18. Dola ilirudi karibu shilingi 85, lakini mkopo wa duka ulikuwa umekwisha kupanda.