Mpaka Haukai Hewani

Jioni ya tarehe 16 Januari 2019 tulikuwa tumekaa barazani, wazee watano na redio moja, tukisikiliza habari kwamba usiku uliotangulia Bunge la Uingereza lilikuwa limeukataa mkataba wa Waziri Mkuu wake, Theresa May, kwa kura 432 dhidi ya 202. Baraza zima likaangua kicheko. Mwenzetu mmoja akasema, "Waache waonje. Walitugawa kwa rula, leo rula imewarudia wenyewe." Nami nilicheka, tena kwa sauti.

Nilipofika nyumbani kicheko kile kilinisuta. Maana wanaoonja uchungu wa mpaka si wale waliouchora. Aliyeuchora hulala umbali wa maili mia kadhaa kutoka hapo, na anayeonja ni mkulima ambaye zizi lake liko upande huu na malisho yake upande ule. Insha hii naiandika kukikanusha kicheko kile, changu kikiwa cha kwanza.

Tuanze na mambo yenyewe yalivyokuwa. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya maoni, na asilimia 51.9 wakachagua kutoka katika Umoja wa Ulaya. Katika Ireland ya Kaskazini, asilimia 55.8 walitaka kubaki. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya Ufalme wa Muungano inayopakana na nchi nyingine kwa nchi kavu. Mpaka wake na Jamhuri ya Ireland una urefu wa kilomita 500 hivi, na barabara zinazoukatiza ni zaidi ya 200. Mpaka huo ulitokana na sheria ya mwaka 1920, ambayo katika wilaya tisa za jimbo la Ulster ilichukua sita, ili Waprotestanti wawe wengi humo. Ulifuata mipaka ya zamani ya wilaya, ambayo hakuna aliyepata kuikusudia iwe mipaka ya dola. Kwa hiyo ukapita katikati ya mashamba, vijiji na hata nyumba. Tume iliyoundwa kuurekebisha ilimaliza kazi yake mwaka 1925, taarifa yake ikafichwa, na mstari ukaachwa palepale.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya sitini, kwa muda wa miaka thelathini, zaidi ya watu 3,500 waliuawa katika ugomvi wa Ireland ya Kaskazini. Vituo vya forodha vililipuliwa. Wanajeshi wa Uingereza walizitoboa kwa baruti barabara ndogo za mpakani ili zisipitike, na wenyeji wakaja na makoleo mwishoni mwa juma kuyafukia mashimo, hata wanajeshi waje tena kuyachimbua. Mambo mawili ndiyo yaliyokomesha hali hiyo. La kwanza ni soko la pamoja la Ulaya, ambalo kuanzia tarehe 1 Januari 1993 liliondoa ukaguzi wa forodha. La pili ni Mapatano ya Ijumaa Kuu ya tarehe 10 Aprili 1998, yaliyokubali kwamba mzaliwa wa huko anaweza kujihesabu kuwa Mwairishi, Mwingereza, au yote mawili. Na kwamba hali ya nchi ile haitabadilishwa bila ridhaa ya wakazi wake walio wengi. Yalipopigiwa kura, asilimia 71 ya wapiga kura wa kaskazini na 94 ya wale wa kusini waliyakubali.

Ikawa ng'ombe anakamuliwa kaskazini na maziwa yake yanasindikwa kusini. Mtoto wa Belfast mwenye ugonjwa wa moyo anapelekwa Dublin kupasuliwa, na mgonjwa wa saratani wa Donegal, iliyo katika Jamhuri, anatibiwa Derry, iliyo chini ya Uingereza. Mapatano yale hayakuufuta mpaka. Yaliruhusu kila mtu aishi nao kwa namna yake: aliyetaka kuuona aliuona, na asiyetaka hakulazimishwa kuutazama. Hiyo ndiyo amani ya huko, na si amani ndogo.

Sasa nije kwenye shauri langu na wanasiasa wa London.

Baada ya kura ile waliwaahidi watu wao mambo matatu. Kwanza, kwamba Uingereza itatoka katika soko la pamoja na katika umoja wa forodha wa Ulaya. Pili, kwamba hakutakuwa na vizuizi katika mpaka wa Ireland. Tatu, kwamba hakutakuwa na vizuizi kati ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza yenyewe. Kila ahadi ikisimama peke yake ni nzuri, na mbili zozote zinaweza kutimizwa pamoja. Zote tatu haziwezekani, hata aje malaika kujadiliana. Nchi mbili zenye ushuru tofauti na kanuni tofauti za bidhaa lazima ziwe na mahali pa kukagua. Uingereza ikipunguza ushuru wa nyama inayotoka ng'ambo, na kule mpakani pasiwe na mtu, nyama hiyo itaingia Dundalk leo na kesho itakuwa Paris. Nyumba iliyofungwa milango yote ikaachwa mmoja wazi haijafungwa. Kwa hiyo mstari ulikuwa lazima ukae mahali: ama nchi kavu, ama baharini, ama usiwepo kabisa kwa Uingereza kubaki ndani ya kanuni zile ilizosema inazikimbia. Mahali pa nne hapapo, kwa sababu mpaka haukai hewani.

Je, hawakuambiwa? Waliambiwa. Tarehe 9 Juni 2016, wiki mbili kabla ya kura, Tony Blair na John Major, waliokuwa Mawaziri Wakuu kutoka vyama viwili vinavyopingana, walikwenda pamoja hadi Derry kuonya juu ya jambo hilo hilo. Walijibiwa kwamba wanatia watu hofu. Naye waziri aliyekuwa na dhamana ya Ireland ya Kaskazini wakati ule, Theresa Villiers, aliwahakikishia watu kwamba mpaka utaendelea kuwa wazi. Mwaka 2018 Boris Johnson, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliulinganisha mpaka ule na mpaka wa mitaa miwili ya London, Camden na Westminster, ambako magari hutozwa ada bila kusimamishwa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi! Camden na Westminster hazijapata kuuana kwa miaka thelathini.

Wapo waliosema kwamba mitambo itamaliza kazi: kamera, kompyuta na fomu za kujazwa mapema. Nakubali kwamba mitambo hupunguza foleni. Lakini kamera haifungui lori ikapima nyama, wala haimkamati mtu wa magendo. Tena kamera yenyewe ni lazima ifungwe kwenye mlingoti, na mlingoti ukipigwa mawe utahitaji mlinzi. Mwaka 2018 mkuu wa polisi wa Ireland ya Kaskazini alionya kwamba kituo chochote kitakachojengwa mpakani kitawindwa na wenye silaha. Watu wa mpakani waliijua mantiki hiyo zamani: kwanza huja karani wa forodha, kisha polisi wa kumlinda karani, kisha askari wa kumlinda polisi.

Wengine walisema kwamba jambo la mpaka ni hila ya Dublin na Brussels ya kuwanyima Waingereza uhuru wao. Hoja hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Ukitaka kuhama nyumba ya ukoo una haki ya kuhama, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kura ile ilistahili kuheshimiwa. Walioanza siku ya pili kutafuta namna ya kuitangua hawakuisaidia nchi yao. Lakini anayehama hawezi kumwita jirani mwizi kwa sababu tu jirani amemuuliza ukuta utapita wapi.

May, kwa upande wake, alilikabili swali hilo, ingawa kwa kuchelewa. Mkataba wake wa Novemba 2018 ulikuwa na kifungu cha akiba: kama suluhisho jingine halijapatikana, Ufalme wote wa Muungano ungebaki katika eneo moja la forodha na Ulaya, ili mpaka usihitajike, wala nchi kavu wala, kwa sehemu kubwa, baharini. Kilikuwa kifungu kizito, nacho hakikuwa na tarehe ya mwisho. Bunge lilikikataa mara tatu. Miongoni mwa waliokikataa walikuwa wabunge kumi wa chama cha DUP, chama cha Waprotestanti wanaotaka kubaki na Uingereza, ambao ndio waliokuwa wameishikilia serikali ya May isianguke tangu uchaguzi wa mwaka 2017.

Mwezi huo huo wa Novemba 2018 Johnson alikwenda Belfast kwenye mkutano mkuu wa DUP, akasema kwamba hakuna serikali ya chama chake inayoweza kukubali mpaka wa kuitenga Ireland ya Kaskazini na sehemu nyingine za Ufalme. Wakampigia makofi. Mwezi Oktoba 2019, akiwa sasa Waziri Mkuu, aliukubali mpaka huo, na ukaguzi ukawekwa baharini. Mwezi uliofuata akawaambia wafanyabiashara wa kule kwamba wakiletewa fomu za kujaza wazitupe kwenye pipa la taka. Fomu zilikuja tangu Januari 2021, na aliyezitupa hakupitisha mzigo wake. Wahenga walisema, mkataa pema pabaya panamwita. Waliokikataa kifungu cha May wakapata Itifaki ya Johnson.

Hata hivyo, haki lazima itendeke kwa watu hao pia. Mkulima Mprotestanti wa Antrim aliambiwa kwa miaka mingi kwamba hakuna kitakachobadilishwa bila ridhaa yake. Asubuhi moja akaamka akakuta mbegu zake za viazi kutoka Scotland haziruhusiwi kuingia, kana kwamba zimetoka nchi ya kigeni. Wengi wa wale waliomtetea Mwairishi asiwekewe kizuizi Newry walimwona mtu huyu kuwa mkaidi tu. Mimi siwezi. Kama kizuizi cha nchi kavu kilimjeruhi mmoja katika utu wake, cha baharini kilimjeruhi mwingine vilevile. Kosa lake, au la viongozi wake, ni kuamini kwamba ahadi zote tatu zingetimia na kwamba wa kulipa angekuwa mwingine.

Na bili ilikuja. Mwaka 2020 serikali ya London ilipeleka Bungeni muswada ambao waziri wake mwenyewe alikiri kwamba ungevunja sheria ya kimataifa, ili kujinasua na mkataba iliokuwa imeutia saini mwaka huo huo. Februari 2022 DUP ilijitoa katika serikali ya pamoja ya Belfast, na kwa miaka miwili nchi ile ikakaa bila serikali kamili, huku foleni za hospitali zikizidi kurefuka. Tarehe 27 Februari 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak na Ursula von der Leyen wa Umoja wa Ulaya walikubaliana huko Windsor kupunguza ukaguzi wa bidhaa ambazo mwisho wa safari yake ni Ireland ya Kaskazini. Serikali ya Belfast ikarudi Februari 2024. Desemba 2024 Baraza la kule lilipiga kura ya kuendelea na mpango wa baharini: 48 wakakubali, 36 wakakataa, na vyama vya wanaotaka kubaki na Uingereza vikawa upande wa wanaokataa. Mstari umepunguzwa unene, lakini upo.

Wenzangu wa barazani waliniuliza hayo yananihusu nini. Ningeweza kuwajibu kwamba Julai 2016 Tanzania ilikutaja kujitoa kwa Uingereza miongoni mwa sababu za kusita kutia saini mkataba wa kibiashara na Umoja wa Ulaya, kwa hiyo jambo hilo lilitufikia. Lakini jibu langu la kweli ni jingine.

Nilikuwa kijana pale Holili mwezi Februari 1977, mpaka wetu na Kenya ulipofungwa. Shangazi yangu alikuwa ameolewa Taveta, upande wa pili, mahali ambapo tulizoea kwenda kwa miguu na kurudi siku hiyo hiyo. Bibi yetu alipofariki, shangazi alipata habari baada ya wiki tatu. Alikuja usiku kwa njia za panya, akakaa saa mbili tu kando ya kaburi la mama yake, na alilia huku amejiziba mdomo kwa khanga ili asisikike. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Katika miaka yote hiyo sikumsikia kiongozi hata mmoja, wa upande wowote, aliyesema kwamba alipotoa amri ile alimfikiria mtu kama shangazi.

Ndiyo maana siwezi tena kucheka. Kiongozi anayeahidi kurudisha mipaka, awe wa London au wa kwetu, aulizwe maswali mawili kabla hajapigiwa makofi: mstari utapita wapi, na nani ataamka asubuhi akaukuta mlangoni kwake? Akishindwa kujibu, asipewe kura. Akisema kwamba hautapita popote, basi huyo anadanganya. Ahadi ni deni, na deni la mpaka hulipwa na wanaoishi mpakani.