Maji Moto Katika Nyumba ya Zamani: Nunua Vifaa Mwenyewe, Fundi Mlipe Kazi

Kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ikishika Limuru, Nyahururu, Eldoret na hata Nairobi, watu wanaoishi katika nyumba za zamani huamua jambo moja: mwaka huu lazima tuweke maji moto. Kubeba sufuria kutoka jikoni hadi bafuni kumechosha. Lile pipa la kuni nyuma ya nyumba, ambalo wengi huliita boila ya Tanganyika, limeshaoza chini. Fundi anaitwa, anaangalia bafu dakika tano, anataja bei moja ya kila kitu, kisha anaomba nusu yake hapo hapo ili "akachukue vifaa". Unatoa simu, unaweka PIN, pesa imeenda.

Maoni yangu ni kwamba makosa mawili hutokea katika dakika hizo tano. La kwanza, pesa inaenda kwa kifaa kabla ya kwenda kwa waya. La pili, pesa ya vifaa na pesa ya kazi zinatumwa kwa namba moja, mara moja, na baadaye hakuna anayeweza kueleza ni shilingi ngapi ilifanya nini. Yote mawili yanaepukika.

Pesa ya kwanza iende kwa waya

Nyumba iliyojengwa miaka 40 au 50 iliyopita iliwekewa stima ya taa, redio na pengine pasi. Shawa ya stima ni mzigo mwingine kabisa. Shawa ya wati 5,000 kwenye stima yetu ya volti 240 huvuta karibu ampia 21 muda wote unaooga. Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita mraba 1.5, na wa soketi ni 2.5. Shawa inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye boksi kuu, mara nyingi wa milimita mraba 4 au 6 kulingana na nguvu ya shawa na umbali, pamoja na swichi na sakiti breka yake.

Fundi akikuambia ataunganisha kwenye waya wa taa ya bafuni kwa sababu "iko karibu", huyo hakupunguzii gharama. Waya utapata moto ndani ya ukuta mahali usipoona.

Kuna jambo zito zaidi: ethi, yaani ule waya wa kijani na manjano unaopeleka ardhini stima inayovuja. Nyumba nyingi za zamani hazina ethi inayofanya kazi. Pengine ilikuwepo, lakini fimbo yake imeoza au waya ulikatwa wakati wa ukarabati. Ndani ya shawa, maji hupita karibu kabisa na stima. Kama unajua mtu ambaye hupigwa shoti kidogo akigusa mfereji wa bafuni, usikubali aseme "tumezoea". Hiyo ni stima inayotafuta njia ya kwenda ardhini, na siku moja njia hiyo inaweza kuwa mwili wa mtoto.

Kwa hivyo kabla ya kuuliza bei ya shawa, lipia ukaguzi. Tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, umwombe apime ethi na aangalie boksi kuu. Mwambie pia aweke kile kifaa kinachokata stima chenyewe ikianza kuvuja, cha miliampia 30. Pesa ikiisha hapo, ni sawa. Endelea na sufuria mwezi mmoja zaidi ukijua nyumba iko salama.

Piga hesabu ya yuniti kwanza

Watu huuliza shawa inauzwa pesa ngapi. Swali kubwa zaidi ni itakula pesa ngapi. Hesabu yenyewe ni rahisi: shawa ya wati 5,000 ikiwaka dakika 10 inakula karibu yuniti 0.83. Familia ya watu watano, kila mtu akioga mara moja kwa siku, hiyo ni yuniti 4 na kidogo kila siku, na karibu 125 kwa mwezi. Mkioga dakika 5, inashuka hadi karibu 62.

Kwa nini hili ni muhimu? Kwa sababu bei ya stima ya nyumbani hupangwa kwa viwango: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaotumia hadi 100, na wanaozidi 100. Kiwango chako huangaliwa kwa wastani wa miezi mitatu. Nyumba iliyokuwa ikitumia yuniti 28 inaweza kuruka hadi kiwango cha juu kabisa kwa sababu ya bafu peke yake, na kuanzia hapo hata taa na televisheni zitalipiwa kwa bei hiyo ya juu.

Fungua ujumbe wako wa mwisho wa tokeni. Gawanya pesa uliyolipa kwa yuniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako halisi ya yuniti moja, pamoja na kodi na makato yote. Zidisha kwa 125, au kwa 62, na utajua kama mfuko wako unaweza kubeba. Ujumbe huo uko kwenye simu yako tayari, na utakusaidia kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Sola ni nzuri, lakini uliza paa kwanza

Kwa mwenye nyumba yake na familia kubwa, naamini hita ya sola ndiyo njia bora ya muda mrefu. Lakini nyumba ya zamani ina masharti yake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo tenki la lita 200 likijaa ni kilo 200 bila kuhesabu tenki lenyewe na vyuma vyake. Mbao za paa zilizoliwa na mchwa haziwezi kubeba. Pia, mifumo mingi ya bei nafuu inataka tenki la maji baridi liwe juu ya hita, na nyumba nyingi za zamani hazina mnara wa tenki. Ukisahau hayo mawili, bei ya kwanza uliyopewa haina maana.

Kama maji yako ni ya kisima na yana chumvi, sema hivyo dukani kabla ya kulipa, iwe ni sola au shawa. Kuna shawa za maji ya kawaida na kuna za maji ya chumvi. Maji ya chumvi hupitisha stima kwa urahisi zaidi, na shawa isiyofaa itaharibika upesi au kukupiga shoti.

Vifaa dukani, kazi kwa fundi

Sasa tuje kwenye pesa. Fundi atasema hawezi kuanza bila pesa ya vifaa, na ana haki. Hawezi kukukopesha waya. Lakini hilo halimaanishi pesa ya vifaa lazima ipitie kwenye simu yake. Fanya hivi:

- Mwambie aandike orodha: waya mita ngapi na wa unene gani, swichi, breka, paipu, shawa au hita.
- Uliza bei katika hadweya mbili. Kisha nenda, au tuma mtu, na ulipe hadweya moja kwa moja kwa till au paybill yake. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama si jina la duka, simama hapo. Ukiambiwa "till imeharibika, tuma kwa namba hii", ngoja itengenezwe au nenda duka la pili.
- Chukua risiti na waranti, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Hita ikikataa baada ya miezi mitatu, duka litauliza ulinunua lini.
- Pesa ya kazi igawanyeni mapema: sehemu ndogo siku ya kuanza, sehemu kubwa kazi ikiisha na umeoga mwenyewe kwa hiyo shawa.

Wengine watasema huku ni kumshuku fundi. Mimi naona ni kumlinda. Fundi ambaye hajashika pesa ya vifaa hawezi kulaumiwa bei ya waya ikipanda, na hawezi kuambiwa alinunua feki. Lakini na wewe timiza ahadi: kazi ikiisha jioni, mlipe jioni hiyo hiyo. Usimzungushe hadi mwisho wa mwezi ilhali ana watoto wa kulisha.

Usioge kwa mkopo wa siku 30

Shawa itatumika miaka. Mkopo wa simu unalipwa kwa wiki chache. Vitu hivi viwili havilingani, na ndiyo maana sipendekezi kuchukua mkopo wa haraka kwa kazi hii. Ukianza kuweka akiba kidogo kila wiki mwezi wa Januari, Juni itakukuta tayari. Chama pia ni njia nzuri. Kama lazima ukope, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na uulize jumla utakayolipa mpaka mwisho badala ya kuuliza riba ya mwezi tu.

Na kama umepanga, usilipe chochote kabla mwenye nyumba hajakubali kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba pesa hiyo itakatwa kwenye kodi au kwamba shawa ni yako ukihama. Waya utakaoweka utabaki kwake, kwa hivyo ukaguzi wa ethi ni jukumu lake. Mdai kwa heshima, lakini mdai.

Wakati unangoja

Jambo la mwisho halina uhusiano na pesa. Unapoweka akiba, usiingize jiko la makaa chumbani ili kupasha nyumba joto, hata kama makaa yameshika vizuri na hayatoi moshi. Makaa hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na aliyelala hawezi kuihisi. Ziba nyufa za mlango, weka pazia zito, ongeza blanketi, lakini jiko libaki nje na dirisha liachwe wazi kidogo. Maji moto yanaweza kungoja mshahara ujao.