Koti Kuukuu Shambani

Nguo ikichakaa nyumbani mwenu mwaipeleka wapi? Mimi koti langu kuukuu nililitundika juu ya mti shambani, liwatishe ndege na nyani. Sikulifua, maana nani hufulia sanamu? Lakini baada ya kusoma habari za Bibi Gladys Kalema-Zikusoka wa Uganda, nimelishusha na kulichoma moto. Nisikilizeni niwaeleze sababu.

Bibi huyu alisomea udaktari wa wanyama London, akahitimu mwaka 1995. Mwaka wa pili yake, naye bado kijana, akawekwa kuwa daktari wa kwanza wa wanyama wa mbuga za Uganda. Mwaka huo huo wa 1996 akaitwa msitu wa Bwindi, kusini magharibi mwa nchi. Gorila wa huko walikuwa wakijikuna na kunyonyoka manyoya. Mtoto mmoja akafa. Wenzake wakapona kwa dawa.

Walipatwa na nini? Upele, ndugu zangu! Gorila kwa mwili yu karibu mno na mtu, na maradhi yetu humwingia upesi. Hutoka msituni kutafuta migomba, na huko mashambani hukuta sanamu zilizovikwa nguo chafu za watu. Basi, yaaminiwa kwamba upele ule ulitoka kwa wanakijiji.

Mwingine angalisema, wafukuzeni wanakijiji. Bibi Gladys aliona vingine: mwenye kijiji akiwa mgonjwa, na msitu hauwezi kupona. Mwaka 2003, yeye na mumewe na mwenzao mmoja wakaanzisha chama cha kuhifadhi wanyama kwa njia ya afya ya watu. Wanakijiji wenyewe hupita nyumba kwa nyumba, wakifundisha kunawa mikono, kutumia choo, na kuwahimiza wenye kikohozi cha siku nyingi waende zahanati. Gorila akiingia shambani, hao hao hupeleka habari.

Tena mnyama hajui mpaka wa serikali. Bwindi yapakana na msitu wa Sarambwe wa Kongo, na katika hesabu ya mwaka 2018 walionekana gorila 459 katika misitu hiyo miwili. Wenzao wako milima ya Virunga, iliyo kati ya Uganda, Rwanda na Kongo. Pengine popote duniani gorila wa milimani kama hawa hawapatikani msituni.

Sisi wengine hatuna gorila, lakini upele tunao. Akina mama na akina baba, mtoto mmoja akiupata, msimtibu peke yake. Wote wakaao nyumba ile watibiwe pamoja; nguo na mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto, yaanikwe juani. Msipofanya hivyo, utarudi.

Na ukitaka kuwatisha ndege, fua kwanza koti lako.