Kununua Mnyonge: Siri ya Zile Mechi za Basketi Unaweka kwa Mkeka Kila Novemba

Form ni hii. Ni Novemba, saa tisa usiku, uko kwa keja na bundles zimebaki kiasi ya kuomba Mungu. Mkeka wako tayari una timu tano na unataka kuongezea kitu ya uhakika. Unashuka chini kwa app, unapita mpira, unapita tenisi, unafika basketi ya vyuo vya Marekani. Timu moja unaijua: Duke, Kansas ama Kentucky. Ile ingine hata jina lake hujawahi kusikia. Odds ni 1.01. Unabonyeza, unalala, unaota Subaru.

Lakini kuna swali hujawahi kujiuliza. Hiyo timu ndogo ilifika hapo aje? Nani aliwapanga hawa wawili wacheze?

Jibu ni rahisi: walinunuliwa. Na ukielewa hiyo biashara, utaelewa vitu mingi kuhusu pesa, masomo na vile dunia inapanga nani awe mkubwa na nani abaki mdogo.

Hii si kuuza mechi

Wacha tuanze na msingi. Ligi ya juu ya basketi ya vyuo kule, NCAA Division I, ina timu zaidi ya 350. Hapa kwetu Gor Mahia hawachagui wapinzani. Ratiba inatoka, unacheza nyumbani, unaenda ugenini, hata kama uwanja ni vumbi tupu. Kule mambo ni tofauti. Kila chuo kiko kwa ligi yake ndogo, na mechi nyingi za hiyo ligi huchezwa kuanzia Januari. Novemba na Desemba ni soko huria. Kila kochi anajipangia ratiba yake.

Sasa chuo kikubwa kinapigia chuo kidogo simu: kujeni kwetu mcheze, tutawalipa, na sisi hatutakuja kwenu. Wamarekani wanaziita "buy games", yaani mechi za kununuliwa. Na hizo timu ndogo wamezibandika jina la madharau kabisa, "cupcake", ile keki ndogo unameza mara moja.

Tuelewane hapa. Hakuna mtu analipwa kupoteza. Unalipwa kutokea. Ukishinda, cheki yako bado inaingia, tena unaenda nayo ukicheka.

Kwa nini mkubwa ananunua

Ya kwanza ni doo. Mechi ya nyumbani ni tiketi, soda, jezi na matangazo. Ukijaza ukumbi, ile pesa unalipa mgeni inarudi na faida.

Ya pili ni watoto wadogo. Timu nyingine kubwa hujaa vijana wa miaka 18 na 19 ambao hawajawahi kucheza pamoja. Chukua Duke ya 2024. Walikuwa na Cooper Flagg, na Khaman Maluach, yule mrefu wa Sudan Kusini aliyejifunzia basketi hapo Uganda. Mechi yao ya kwanza ya msimu walileta Maine nyumbani, wakawachapa 96 kwa 62. Siku chache baadaye wakapatana na Kentucky huko Atlanta, wakala 77 kwa 72. Umeona? Hizo mechi laini ni kama kuendesha gari kwa uwanja wa shule kabla ya kuingia Thika Road. Kusema ukweli, Duke hawakuogopa barabara kubwa. Walianza tu pole pole, na mwisho wa msimu walifika Final Four.

Ya tatu ni kazi ya kochi. Ukiwa na ushindi nane za mapema, hata ukianza kuchapwa Januari rekodi yako bado inapendeza kwa macho ya mabosi.

Ya nne ndiyo inaleta kelele: hesabu. Tangu msimu wa 2018-19, NCAA hupima timu na mfumo unaitwa NET. Ukishinda nyumbani dhidi ya timu iliyo chini ya nafasi ya 160, hiyo inaenda kwa kapu la nne, kapu la mwisho. Ushindi wa hapo hauna heshima sana, na ukipoteza hapo ni aibu ya kuandikwa kwa jiwe. Lakini NET pia inaangalia unafunga ngapi na unafungwa ngapi kwa kila mpira unaopata. Kwa hivyo ukimchapa mnyonge na pointi 40, hizo namba zinang'aa. Ndio maana unaona timu iko mbele na 35 dakika za mwisho na bado wachezaji wazuri wako uwanjani wakikimbia. Wanatafuta hesabu.

Hii mbinu ina meno mawili lakini. Iowa State ya 2023-24 ilikuwa na ratiba laini sana kabla ya ligi yao kuanza. Baadaye walikuwa moto. Walishinda kombe la Big 12 kwa kuchapa Houston 69 kwa 41 kwa fainali. Watu wakangoja wapewe namba moja kwa mashindano makubwa ya Machi. Wakapewa namba mbili, na wachambuzi wengi wakanyoosha kidole kwa zile mechi za Novemba. Ulikula keki, sasa lipa bili.

Kwa nini mnyonge anakubali

Hapa ndio nataka ukae chini, ju hapa ndio story yenyewe iko.

Novemba 2019, Kentucky walikuwa namba moja Marekani nzima. Waliita Evansville, chuo kidogo cha Indiana, wakawalipa dola 90,000. Kwa rate ya wakati huo hiyo ni zaidi ya milioni 9 za Kenya, kwa usiku mmoja. Kwa Kentucky hiyo ni chenji. Kwa chuo kidogo hiyo ni basi za kusafiria msimu mzima, viatu, daktari wa timu, na ufadhili wa masomo wa wachezaji kadhaa.

Sasa zidisha hiyo mara sita, mara nane, mara kumi. Kuna vyuo vinaishi hivyo. Vingi ni vile vya kihistoria vya Wamarekani weusi, kwa ligi inaitwa SWAC. Texas Southern ya Houston, msimu wa 2017-18, walicheza mechi 13 za kwanza zote ugenini. Walipoteza zote 13. Fikiria wewe ni kijana wa miaka 20. Tangu Novemba hadi mwaka uishe unalala hoteli na ndege, unafanya assignment kwa simu, unachapwa kila wiki mbele ya mashabiki elfu kumi wanakucheka. Ukirudi chuo, wenzako wanauliza "mlipigwa ngapi?"

Halafu Januari ikafika, wakaanza kucheza na watu wa saizi yao. Wakachukua kombe la mashindano ya SWAC, wakaingia mashindano ya Machi, wakashinda mechi yao ya kwanza huko dhidi ya North Carolina Central. Timu iliyoanza na sifuri kwa 13! Hao watu hawakuwa wabaya. Walikuwa kazini.

Lakini si kila mtu hutoka huko mzima. Mississippi Valley State walimaliza msimu wa 2023-24 na ushindi moja na kupoteza 30. Kuna kuvumilia, na kuna kuvunjwa moyo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Si kwa sababu ya marks, ni fees ilikataa. Kwa hivyo nikisoma kwamba kijana fulani amekubali kudundwa na pointi 50 kwa televisheni ndio chuo chake kiendelee kulipia watu masomo, siwezi mcheka. Ningepewa hiyo deal, ningebeba begi usiku huo huo. Kinachoniuma ni kwamba anayepigwa siye anayepanga. Mkataba unawekwa sahihi na ofisi. Mwili unaoenda kupigwa ni wa mwanafunzi.

Mnyonge akichoka

Sasa turudi kwa mkeka wako. Ile usiku ya Kentucky na Evansville iliisha 67 kwa 64. Evansville walishinda. Kochi wao, Walter McCarty, alikuwa amechezea Kentucky mwenyewe na kuchukua ubingwa nao 1996. Alirudi nyumbani, akachukua cheki, akachukua na ushindi.

Wiki mbili baadaye ikawa zamu ya Duke, nao wakiwa namba moja. Stephen F. Austin, chuo cha Texas, waliingia kwa ule ukumbi wa Duke ambao hakuna mgeni wa nje ya ligi alikuwa ameshinda tangu 2000. Mechi ikaenda muda wa ziada. Sekunde za mwisho, Nathan Bain, kijana wa Bahamas ambaye familia yake ilikuwa imepoteza mali kwa kimbunga Dorian miezi michache kabla, akakimbia uwanja mzima akaweka mpira ndani. 85 kwa 83. Rekodi ya mechi 150 ikaenda na maji. Na Desemba 2021 Texas Southern, wakiwa hawajashinda hata mechi moja kwa saba, walienda Florida wakawachapa 69 kwa 54.

Lakini usidanganyike na hizi story tamu. Hao Evansville msimu huo huo walipoteza mechi zote 18 za ligi yao, na McCarty alifutwa kazi Januari 2020. Usiku mmoja wa maajabu haulipi rent ya mwaka.

Dawa iko, shida ni nani ataimeza

Msimu wa 2022-23 ligi ya Pac-12, ambayo ilikuwa ya vyuo vikubwa vya magharibi, ilianza mpango na SWAC: safari hii wakubwa nao watapanda ndege waende kwa wadogo. Cheki kilichotokea. Grambling walichapa Colorado 83 kwa 74. Texas Southern walichapa Arizona State 67 kwa 66, muda wa ziada. Prairie View wakachapa Washington State 70 kwa 59. Na usiseme hao wakubwa walikuwa vibonde. Colorado, siku mbili baada ya kuchapwa na Grambling, waliwachapa Tennessee waliokuwa namba 11 nchini.

Hebu kaa na hiyo kidogo. Watu wale wale, majina yale yale unaita keki. Kilichobadilika ni uwanja, usingizi, na mashabiki wanashangilia nani. Kumbe unyonge mwingine ni ratiba tu.

Sisi hapa tunajua hiyo. Februari 2021 huko Yaoundé, nani alikuwa ameweka Kenya dhidi ya Angola, mabingwa wa Afrika mara 11? Tylor Ongwae, ambaye alipitia Louisiana-Monroe, chuo ambacho wengi wenu hamjawahi kusikia, akarusha ule mpira wa mwisho, Morans wakashinda 74 kwa 73. Mkienda kwa makaratasi, hiyo mechi ilikuwa keki.

Bahati mbaya ule mpango mzuri ulipata shida, ju Pac-12 yenyewe ilisambaratika 2024, timu 10 kwa 12 zikahama kufuata pesa za televisheni. Na pengo linazidi kupanuka. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kulipa wachezaji moja kwa moja, hadi karibu dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Wangapi wa SWAC wana hiyo ganji? Tena siku hizi mchezaji anaweza kuhama chuo karibu kila mwaka. Kwa hivyo ukienda kwa mkubwa Novemba ukamfunga pointi 28, umefanya trial bila kujua. Msimu ukiisha anakupigia simu. Kwanza alinunua mechi, sasa ananunua mchezaji. Mdogo anabaki na jezi.

Maoni yangu? Mechi za kununuliwa zisiishe, ju zikiisha leo kuna vijana watakosa kusoma kesho. Lakini NCAA ina uwezo wa kuweka sheria moja rahisi: ukinunua mechi, uwe na deni la kurudi siku moja. Na hiyo hesabu ya NET iache kumzawadi mtu anayechapa mgeni amechoka na pointi 45. Ukitaka sifa, panda ndege.

Na wewe, kabla ubonyeze ile 1.01, jua kitu moja. Odds zinakuambia nani ana pesa. Hazikuambii nani amechoka kuitwa keki. Mara nyingi mkubwa atashinda, hiyo sikatai, ndio maana hata hiyo bet hailipi. Lakini kila Novemba kuna ukumbi moja mahali kijana hajalala vizuri, cheki ya chuo chake tayari imesainiwa, na hana kitu ya kupoteza. Mkeka wako ukichanika usiku huo, usitukane. Mpigie makofi.